Kuweka Ubuntu kwenye laptopu ya kupinduka: kugusa, kugeuka na kalamu

Ami yangu anasomesha chuo cha Kurani, Kibokoni, Mombasa, na siku zote amesahihisha kazi za wanafunzi kwa wino mwekundu juu ya karatasi. Aliponiletea laptopu aliyoinunua mtumba, ile aina ambayo kioo chake huzunguka kwenye bawaba hadi kikalala mgongoni na mashine yote ikawa kishikwambi, hakuniuliza habari za kasi wala ukubwa wa diski. Aliuliza, "Mwanangu, hapa juu ya kioo nitaweza kuandika alif kwa mkono wangu?"

Ataweza. Ila mashine yenyewe ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6, ambacho hakimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Mashine za namna hii ni nyingi mjini sasa. Zilitumika Ulaya katika ofisi na shule, zikafika kwetu zikiwa bado na nguvu, na kilichochakaa ni mfumo endeshi wake tu. Mfumo huria wa Linux unazirudishia uhai, na kwa laptopu ya kupinduka mimi huchagua Ubuntu 24.04 LTS. Toleo hili lilitoka Aprili 2024 na linahudumiwa miaka 5. Hutumia mandhari ya GNOME, ambayo imejengwa ikijua kwamba kuna watu watakaoigusa kwa kidole. Linux Mint naipenda kwa laptopu za kawaida na nimewawekea watu wengi, lakini kioo kinapoanza kupinduka, GNOME iko mbele.

Laptopu ya kupinduka ina mambo manne ambayo laptopu ya kawaida haina: kioo cha kugusa, kihisi cha kujua mashine imeelekea wapi, swichi inayotambua kwamba kioo kimepinduliwa, na kalamu. Kila kimoja kinafanya kazi peke yake, na kila kimoja kinaweza kuharibika peke yake. Ukikumbuka hilo hutababaika mashine inapokataa kugeuza picha wakati kugusa kunakubali vizuri.

Hatua ya 1: Dukani, kabla ya kutoa pesa

Ikiwa bado hujanunua, anza na bawaba. Fungua kioo taratibu kwa mkono mmoja ukishika kona moja tu. Bawaba nzima hupanda sawa pande zote mbili. Ikiwa upande mmoja unatangulia, au plastiki ya karibu na bawaba inainuka kidogo kama kope, achana nayo. Ndani ya bawaba hizo hupita waya wa kioo, na waya ukikatika utalipia matengenezo ya kioo.

Kisha washa na ubonyeze kitufe cha kuingia BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Mashine zilizotoka shuleni na maofisini mara nyingine huja na nywila ya BIOS ambayo muuzaji mwenyewe haijui. Nilikwama hivyo mara moja. Nilinunua mashine safi, nikafika nayo nyumbani, kisha haikukubali kuwaka kwa flashi kwa sababu mlango huo ulikuwa umefungwa na mwenye ufunguo yuko ng'ambo. Kwa hivyo usilipe kabla hujaingia BIOS ukabadilisha kitu kimoja kidogo, ukakihifadhi, na mashine ikakubali.

Kumbukumbu ya RAM iwe GB 8 ukiweza. GB 4 inaenda, lakini ukifungua kivinjari chenye kurasa kumi utaiona ikihema. Waifai iwe ya Intel ukipata nafasi ya kuchagua, kwa sababu draiva zake zimo ndani ya Linux tangu mwanzo. Ukiletewa Chromebook kwa bei nzuri na huu ndio mradi wako wa kwanza, iache. Kuiwekea Linux kamili ni kazi ya kubadilisha programu ya ndani kabisa ya mashine.

Hatua ya 2: Andaa flashi

Utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, kwa sababu faili la Ubuntu 24.04 lina karibu GB 6. Hilo ni bando zito, basi lipakue mahali penye waifai isiyopimwa. Lipakue kutoka ubuntu.com. Usikubali nakala iliyozunguka kwenye flashi za watu bila kuikagua. Ukiwa kwenye Windows, kulikagua ni amri moja:

    certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256

Weka jina halisi la faili lako mahali pa ubuntu.iso. Itatoka mistari ya herufi na tarakimu. Ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya Ubuntu. Ikipishana hata kwa herufi moja, faili lilikatika njiani, na itabidi ulipakue upya. Kuliandika kwenye flashi tumia Rufus ukiwa Windows, au balenaEtcher popote ulipo. Kila kilichokuwa kwenye flashi kitafutika, kwa hiyo picha za arusi zitoe kwanza.

Ikiwa bado kuna Windows na unataka kubaki nayo pembeni, kabla ya kuizima fanya mambo mawili. Angalia kama BitLocker, yaani usimbaji wa diski wa Windows, imewashwa na uandike ufunguo wake wa dharura kwenye karatasi. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike powercfg /h off, ili Windows izime kabisa badala ya kulala nusu macho huku imeshikilia diski. Na sasisha BIOS ukiwa bado humo, kwani kwa mashine nyingi njia rahisi ya kusasisha ni Windows.

Hatua ya 3: Jaribu bila kusakinisha

Hii ndiyo hatua ninayowasihi watu wasiiruke. Chomeka flashi, washa, ubonyeze kitufe cha kuchagua pa kuwakia: F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP. Secure Boot, ule ulinzi wa BIOS wakati wa kuwaka, iache ilivyo, Ubuntu inaielewa. Kwenye menyu ya kwanza chagua Try or Install Ubuntu, pita kurasa za mwanzo za lugha na kibodi, kisha uchague Try Ubuntu. Mfumo utaishi kwenye RAM na diski yako haitaguswa.

Sasa vipime vile vinne, kimoja kimoja.

Kugusa: shika dirisha kwa kidole na ulivute mpaka kila pembe ya kioo, pole pole. Vioo vilivyowahi kubanwa huwa na mstari mwembamba usiosikia kidole, na dirisha litaachia hapo hapo kila ukipita. Kisha toa mkono kabisa na uangalie kama kuna kitu kinajifungua chenyewe. Ukitaka uhakika, unganisha mtandao, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na uandike:

    sudo apt update
    sudo apt install libinput-tools
    sudo libinput debug-events

Apt, ambayo ndiyo inayoleta na kusakinisha programu, ikilalamika kwamba haiioni hiyo libinput-tools, fungua programu ya Software & Updates, weka alama kwenye universe (hazina ya programu za ziada), urudie. Ukishaiwasha, kila mguso utaandikwa kwenye terminali. Usiguse kitu kwa dakika moja. Kukitokea mistari ya TOUCH_DOWN na mikono yako iko mapajani, kioo kinajigusa.

Lakini usikihukumu haraka. Kwa ami nilikaa saa nzima nikidhani kioo kimekufa. Nikiandika, herufi zinaruka. Nikiacha, dirisha linahama lenyewe. Nyumba ile ni ya zamani na soketi ya sebuleni haikuwa na waya wa ardhi. Nilipochomoa chaja, kioo kikatulia tuli kama maji ya kisima. Chaja isiyo na ardhi huacha umeme mdogo ukitambaa kwenye bodi ya mashine, na kioo cha kugusa, ambacho kazi yake ni kusikia umeme mdogo wa kidole, huchanganyikiwa. Basi kila unapoona kioo kimerukwa na akili, chomoa chaja kwanza halafu upime tena. Jasho nalo lina hila kama hiyo. Miezi ya joto, kidole chenye maji huacha alama ambayo kioo hukisoma kama kidole cha pili, kwa hiyo weka kitambaa kikavu karibu.

Kihisi cha mwelekeo: kwenye terminali andika

    monitor-sensor

kisha inua mashine na uigeuze ubavu huu, ubavu huu, kichwa chini. Unataka kuona maneno normal, left-up, right-up, bottom-up yakibadilika jinsi unavyogeuza. Yakibadilika, kihisi kizima. Ikisema hakuna accelerometer, kihisi hakijatambuliwa, na itabidi uamue kama utaishi nayo hivyo.

Swichi ya kupinduka: ukiwa umeacha libinput debug-events ikitembea, pindua kioo mpaka mgongoni. Utauona mstari wa SWITCH_TOGGLE ukisema tablet-mode state 1. Papo hapo kibodi na padi ya kugusia vinyamaze, ili vidole vinavyoshika nyuma visiandike upuuzi.

Kalamu: isogeze juu ya kioo bila kugusa. Kishale kinapaswa kuifuata kikiwa hewani. Kalamu ikikaa kimya, usikate tamaa kabla ya kusoma hatua ya 8.

Malizia kwa waifai, sauti, kamera, na kufunga kifuniko ili ilale kisha uiamshe. Hayo ni ya laptopu yoyote.

Hatua ya 4: Sakinisha

Hapa si kirefu, maana msakinishaji wa Ubuntu anakuongoza. Mambo matatu tu.

Ukiulizwa kibodi, itazame iliyo mbele yako. Mashine nyingi za mtumba zimetoka Uingereza, na ukichagua ya Marekani, alama ya @ na ile ya kunukuu zitabadilishana mahali. Utalijua siku nywila itakapokataa. Chagua English (UK) ikiwa alama ya £ iko juu ya 3.

Ukifika kwenye diski, ikiwa unafuta yote, ingia kwenye chaguo za ziada na uwashe usimbaji wa diski. Mashine nyepesi ya kubebwa mkononi ndiyo huibiwa kwenye matatu au kwenye msongamano wa feri ya Likoni, na bila usimbaji, aliyeichukua anafungua faili zako zote bila kujua nywila yako. Kumbuka kwamba nywila ya usimbaji huulizwa kabla kibodi ya kwenye kioo haijaamka, kwa hiyo lazima mashine iwe imefunguliwa kama laptopu unapoiwasha. Ami alilijua hilo asubuhi ya kwanza.

Na usiruhusu masasisho yapakuliwe wakati wa kusakinisha kama uko kwenye bando. Yanangoja.

Hatua ya 5: Mtandao, masasisho na kulinda bando

Waifai ikikataa baada ya kusakinisha, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki mtandao kwa USB kwenye simu. Ubuntu itaiona kama waya wa kawaida, haihitaji draiva. Nimeokoa mashine nyingi kwa njia hii.

Kabla ya kingine chochote, ingia kwenye mipangilio ya muunganisho wako na uwashe alama ya Metered connection, kisha:

    sudo snap set system refresh.metered=hold

Bila hivyo, Firefox na wenzake watajisasisha wakati wowote wanaotaka, na utashangaa bando la wiki limeisha Jumatatu. Ukishapata mtandao mpana, fanya yote kwa pamoja:

    sudo apt update
    sudo apt upgrade
    fwupdmgr refresh
    fwupdmgr update

Amri mbili za mwisho husasisha programu za ndani ya mashine yenyewe. ThinkPad, Dell na HP nyingi za biashara zimo kwenye huduma hiyo. Chomeka chaja kwanza. Stima ikikatika katikati ya kusasisha BIOS na betri ni dhaifu, mashine inaweza isiamke tena.

Hatua ya 6: Kioo kigeuke kinapogeuzwa

Pindua mashine kuwa kishikwambi kisha uisimamishe wima. Picha ikifuata, umemaliza. Ruka hatua hii. Ukitaka isigeuke, kwa mfano unaposoma umelala, vuta menyu ya pembeni juu kulia, pana kitufe cha Auto Rotate.

Isipofuata, jiulize ni kipi kati ya vitu viwili kimeanguka. GNOME haigeuzi picha mpaka ipate habari mbili: kihisi kiseme mashine imeelekea wapi, na swichi iseme kioo kimepinduliwa. Rudia monitor-sensor na libinput debug-events kama ulivyofanya kwenye hatua ya 3.

Kihisi kikisema na swichi ikinyamaza, mashine inadhani bado ni laptopu, na GNOME kwa makusudi haigeuzi picha ya laptopu. Njia nyepesi ni kiendelezi cha GNOME kiitwacho Screen Rotate, ambacho husikiliza kihisi bila kungoja swichi. Kwa muda unaweza kugeuza mwenyewe: Settings, Displays, Orientation. Hakikisha tu uko kwenye Wayland, ule mfumo mpya wa kuchora picha kwenye kioo, maana huko mguso hugeuka pamoja na picha. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE uone inajibu nini.

Tatizo linalochekesha watu na kuwaudhi kwa pamoja ni picha kugeuka kinyume: unasimamisha mashine, maandishi yanasimama kwa kichwa. Hapo kihisi kinafanya kazi, ila kiwandani kilibandikwa kwenye bodi kikiwa kimegeuzwa, na Linux haijaambiwa. Dawa yake ni faili moja fupi. Kwanza tafuta kihisi ni kipi:

    cat /sys/bus/iio/devices/iio:device*/name

Utaona jina lenye accel. Tuseme ni cha kwanza kwenye orodha, yaani device0. Soma kitambulisho chake:

    cat /sys/bus/iio/devices/iio:device0/../modalias

Mashine nyingi za Intel za ofisini hujibu platform:HID-SENSOR-200073. Sasa tengeneza faili:

    sudo nano /etc/udev/hwdb.d/61-sensor-local.hwdb

na uandike mistari miwili, wa pili ukianza kwa nafasi moja tupu:

    sensor:modalias:platform:HID-SENSOR-200073:dmi:*
     ACCEL_MOUNT_MATRIX=-1, 0, 0; 0, -1, 0; 0, 0, 1

Kitambulisho chako kikiwa tofauti, weka hicho. Tarakimu hizo ni maelezo ya pande tatu: mlalo, wima na kina. Alama ya kutoa kwenye mbili za kwanza inageuza mlalo na wima, yaani nusu duara kamili. Ikiwa kosa ni la robo duara, pande mbili hizo hubadilishana nafasi: 0, 1, 0; -1, 0, 0; 0, 0, 1 au kinyume chake 0, -1, 0; 1, 0, 0; 0, 0, 1. Hifadhi, kisha:

    sudo systemd-hwdb update

na uwashe upya mashine. Ile nafasi tupu mwanzoni mwa mstari wa pili usiisahau. Bila hiyo mfumo hausomi mstari huo.

Hatua ya 7: Kibodi ya kwenye kioo, na lugha

Kioo kikiwa kimepinduliwa, gusa sehemu yoyote ya kuandikia na kibodi itapanda. Programu nyingine za kizamani haziiti. Hapo weka kidole ukingoni kabisa chini ya kioo na ukipandishe juu, itatokea. Amri za terminali ziandike kwa kibodi halisi, usijitese.

Kiswahili hakidai herufi za ziada, kibodi ya Kiingereza inatosha. Kwa Kiarabu, ingia Settings, Keyboard, ongeza Arabic. Unabadilisha kwa Super (kitufe chenye nembo ya Windows) na Space, na kwenye kibodi ya kioo kwa kitufe cha dunia. Ukiandika barua na ripoti kwa Kiswahili, ongeza pia kamusi ya kukagua tahajia:

    sudo apt install hunspell-sw

Ndani ya LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, lugha hiyo inaitwa Swahili (Tanzania). Haijui maneno yetu yote ya pwani, utaikuta ikiwekea mstari mwekundu neno ambalo bibi yako alilisema kila siku. Liongeze kwenye kamusi yako, litakubalika tangu hapo.

Ukubwa wa maandishi ni jambo la macho. Kwenye kioo cha inchi 13 chenye nukta 1920 kwa 1080, mimi huwasha Fractional Scaling ndani ya Displays na kuweka 125. Kidole kinahitaji vitufe vikubwa kuliko kishale kinavyohitaji.

Hatua ya 8: Kalamu

Hapa ndipo pesa hupotea bure, kwa sababu kalamu haziingiliani. Kuna za Wacom zisizotumia betri kabisa, ziitwazo EMR. Kuna za Wacom za AES, zenye betri. Na kuna za MPP, zinazotumika kwenye Surface za Microsoft na kwenye HP nyingi. Ya aina moja haitasikika kwenye kioo cha aina nyingine, hata iwe mpya na ya bei kubwa. Soma jina kamili la modeli ya mashine yako chini ya mgongo wake, tafuta ni aina gani, ndipo ununue. Zile kalamu laini za mpira zinazouzwa vibandani hugusa tu kama kidole. Hazijui mkandamizo, na kiganja chako kitachora pamoja nazo.

Kalamu ya aina sahihi ikinyamaza, kwanza badilisha betri. Nyingi za AES hutumia AAAA, herufi nne, nyembamba kuliko ya rimoti. Madukani si rahisi kuipata, kwa hiyo ukiziona nunua mbili.

Ikishasikika, fungua Settings, Wacom Tablet. Hapo utarekebisha vitufe vya ubavuni, na kufanya kalibrasheni ikiwa wino unatokea pembeni ya ncha. Kaa vile utakavyokaa ukiandika unapofanya kalibrasheni, si ukiwa umeinamia mashine, maana jicho likihama na nukta huhama.

Programu ya kuandikia ni Xournal++:

    sudo apt install xournalpp

Ndani yake ingia Edit, Preferences, na kwenye sehemu ya mguso uzime uchoraji kwa kidole. Tangu hapo kalamu ndiyo inayoandika na kidole kinavuta ukurasa tu, nawe unaweza kulaza kiganja kizima juu ya kioo. Kwa anayeandika kutoka kulia kwenda kushoto jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mkono wa kulia hupita juu ya alichokwisha kukiandika, na kila mguso wa kiganja ungeacha doa juu yake.

Hatua ya 9: Betri na hewa ya bahari

Jua hali ya betri uliyoinunua:

    upower -d

Tafuta capacity. Ikiwa chini ya asilimia 60, anza kuweka akiba ya betri nyingine. Kwenye ThinkPad inayokaa kwenye chaja siku nzima, unaweza kuizuia isijae kupita 80 ili iishi muda mrefu:

    echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold

Lakini kama mtaa wenu stima hukatika ovyo, mimi naona bora uiache ijae. Ile moja ya tano ya betri ambayo huna wakati wa giza haikufai kitu.

Chumvi ya hewa yetu hula chuma cha matundu ya USB na ya chaja. Usiiweke mashine dirishani upande wa bahari usiku kucha, na kila wiki pangusa kioo na bawaba kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya 10: Nakala, kisha kazi

Lile faili la kihisi la hatua ya 6, na folda ya ~/.config/xournalpp, vinakili kwenye flashi. Ukisakinisha upya siku moja, vitakuokolea jioni nzima.

Kwa ami nilibakiza jambo moja. Mistari ya Xournal++ ni myembamba kwa wanafunzi wadogo wanaoanza ba, ta, tha. Nikachora ukurasa wa mistari mipana kwa LibreOffice Draw, nikautoa kama PDF, na kwenye Xournal++ nikaufungua kwa File, Annotate PDF. Sasa huandika kielelezo cha herufi juu ya mstari wa kwanza, anaacha minne mitupu chini yake, anatoa kwa Export as PDF, na ukurasa unaondoka kwenda kwa wazazi kwa WhatsApp. Zinaporudi picha za madaftari ya watoto, anazigeuza kuwa PDF kwa LibreOffice Draw hiyo hiyo, anazifungua vilevile na kusahihisha juu yake. Wino amechagua mwekundu.